Shaba ya Ukuta wa Darasa la Sita

Mvua ya kwetu Kibabi inatoka Walikale. Inazaliwa kule mu pori la Bisie, inapanda milima polepole asubuhi yote, na saa nane za mchana imeshatufikia. Hatuulizane kama itanyesha. Tunaulizana tu imefika wapi.

Mie ni muntu wa kungoja, mulima wote unajua. Nimengoja muhogo miezi kumi na nane, nimengoja maharagi yaliyokataa kukauka, nimengoja watu warudi toka vita, na wengine mpaka leo nawangoja. Wananiita Mama Sidonie, kwa jina la binti yangu wa kwanza. Jina langu mwenyewe ni Nyiransabimana. Lakini siku mbili za mwezi wa kumi na moja, mwaka jana, kungoja kulinishinda. Nilikaa, nikasimama, nikakaa tena, kama kuku asiyepata pa kutagia.

Yote yalianzia ku ukuta wa masomo. Masomo yetu ni nyumba moja ndefu ya matofali, juu manjanja, yale mabati ya paa, vyumba vine. Juu ya manjanja kuna mulingoti wa chuma, na ku ncha ya mulingoti kuna shaba nyekundu iliyochongwa kama mukuki. Toka pale unashuka utepe wa shaba, bapa kama mukaba wa suruali, upana wa vidole viwili, unafuata ukuta wa darasa la sita mpaka mu udongo. Waliojenga walituambia inaitwa paratonere, ni ya kukinga radi. Sehemu ya chini, urefu wa mikono mitano toka mu udongo, waliiingiza ndani ya bomba la plastiki, rangi ya majivu, ili watoto wasiuchezee.

Sidonie anafundisha darasa hilo la sita. Tangu watu waliokimbia vita wajae kwetu, masomo yanafanyika mara mbili kwa siku, na darasa la sita linasoma mchana, saa ile ile ya mvua. Watoto arobaini na saba. Kila mchana mie napeleka chakula cha Sidonie, kisha nakaa nje chini ya dirisha lake, nachambua maharagi mpaka amalize.

Siku ile nilichoka kuliko siku zote, nikaegemeza uzito wote wa mugongo ku bomba. Likakunjika.

Nilisimama nikaliangalia. Bomba lile lilikuwa gumu tangu siku nyingi. Ukiligonga na kidole lilijibu sauti fupi, kama muntu aliyeshiba. Nikaligonga. Likajibu kama mutungi mutupu. Kando ya ukuta kulikuwa kijiti cha kupandishia maharagi. Nikakiingiza toka chini, pale bomba lilipoachana na sima, ile saruji ya chini. Kikaingia chote, mpaka mukono wangu ukafuata. Nikaangalia tena sima ya pale chini: maji yakipitia ku shaba yanaacha alama ya kijani, kama majani yaliyopondwa, na alama ile niliijua. Sasa ilikuwa imeanza kufutika. Kumbe ilikuwa inafutika wiki nyingi, nami nakaa juu yake.

Ndani, Sidonie alikuwa anasomesha hesabu. Upande wa Walikale, wingu lilikuwa limefika ku mulima wa tatu.

Nilienda kwa Habineza. Habineza njo mulinzi wa masomo, muzee mwenzangu, mukristu wa kweli, muntu wa kusuka vikapu na kunyamaza. Nilimukuta ku mulango wa kibanda chake, kikapu kati ya magoti.

"Habineza, mu bomba ya ukutani hamuna kitu."

"Najua, Mama Sidonie."

"Unajua namna gani?"

"Mie njo nilikata." Hakuacha kusuka. "Tangu mwezi wa tisa, mbele ya mvua kuanza. Nilichomoa bomba, nikakata na musumeno wa chuma, nikarudisha bomba. Shaba haisumbue, ni laini. Ilikuwa kama kukata muhogo."

"Na ulikatia nini?"

Hapo akaniangalia. "Si weye njo ulituambia?"

Ilikuwa kweli. Mwaka uliotangulia radi ilipiga pale masomo, siku ya Mungu, hakuna mutoto. Mie nilikuwa natoka kanisani, niliona kwa macho yangu moto unashuka ku ukuta, mweupe, unafuata ule utepe mpaka chini. Mbuzi watatu wa jirani waliofungwa karibu na pale walikufa wamesimama. Tangu siku ile nilisema kila mahali, ku kisima, ku shamba, ku mulango wa kanisa: ile shaba njo inaita radi. Bila shaba radi ingepita zake. Watu walinisikiliza, juu mie si muntu wa kusema sema.

"Nilifikiri juu ya watoto," Habineza akasema. "Ningepanda juu nikate mukuki wenyewe, lakini miguu yangu haiko ya kupanda manjanja. Nikasema basi, nikate njia yake. Muntu akikuta njia imekatwa, anarudi."

"Na shaba iko wapi?"

"Uko unaivaa."

Niliangalia mukono wangu wa kuume. Bangili ya shaba, bapa, upana wa vidole viwili. Sebahire, mufua-vyuma wetu, alikuwa amewagawia wazee wa mulima bangili hizo ku mwezi wa tisa ule ule, kwa sababu kwetu shaba inavaliwa ili maumivu ya viungo yapungue. Alisema Habineza alileta kipande cha zamani. Kila muzee alisema asante, hakuna aliyeuliza zaidi. Kifundo cha mukono wangu kilikuwa kimepoa kweli.

Nilirudi ku dirisha mbio, mie mwenye miaka sitini na nane. Nilimwita Sidonie, akatoka na chaki mu vidole. Nikamweleza yote pale pale, na sehemu yangu pia, kwa sababu ukificha sehemu yako mwanzoni, kuisema baadaye ni kazi mara mbili.

Hakunikemea. Kunikemea kungekuwa afazali. Alitazama mukuki juu ya manjanja, akafuata utepe na macho mpaka pale unapoingia mu bomba.

"Mama, ile shaba haiite radi. Radi ikishaamua kuanguka hapa, itaanguka, kuwe shaba kuwe hapana. Shaba inaipokea tu na kuishusha. Kati ya vyuma ambavyo muntu anaweza kupata, shaba njo inapitisha umeme bila kusumbua. Chuma kinapitisha, lakini kwa uvivu. Shaba ni mufereji."

"Na mbuzi?"

"Mbuzi walikuwa wamefungwa pale pale mufereji unapomwagika. Lakini ukuta ulipasuka? Manjanja yalitoboka?"

Hapana. Hata tofali moja halikupasuka, na mie nilikuwa wa kwanza kuliona hilo, sikulifikiri.

"Na mufereji ukikatwa katikati?" nikauliza.

"Maji yanamwagikia pale ulipokatwa." Alionyesha na chaki. Mahali palipokatwa palikuwa usawa wa dirisha, na nyuma ya ukuta ule, mukono mumoja tu, kulikuwa benchi la kwanza.

"Basi warudishe nyumbani."

"Warudi wapi? Angalia."

Wingu lilikuwa limeshafunika mulima wa pili. Wengi wa wale watoto wanatembea saa nzima juu ya migongo ya milima, pasipo hata kichaka, na muntu aliyesimama pekee pale juu njo mulingoti wenyewe. Kuwabakisha ilikuwa hatari, na kuwaachilia ilikuwa hatari. Sidonie aliwahamishia wote ukuta wa pili, wakakaa wamebanana, wengine chini, akaendelea na hesabu. Mie nilisimama mulangoni. Mvua ilikuja, radi zikaanza, na kila mwanga ulipowaka nilihesabu kimoyomoyo mpaka ngurumo: nne, tano, mara moja tatu. Radi zikaenda kuanguka upande wa Bihambwe. Saa kumi na moja watoto walirudi nyumbani, wakicheka juu ya kubanana kwao.

Sikumeza kitu jioni ile. Nilipita nyumba kwa nyumba na Habineza nyuma yangu, tukiomba bangili. Sebahire alikuwa ametuhesabia: alikata kumi na nne. Moja ilikuwa Bisie, ku mukono wa Jean-de-Dieu, bwana ya Sidonie, anayefanya kazi ku machimbo ya kule. Hiyo haikuweza kurudi mbele ya wiki mbili. Zilibaki kumi na tatu.

Wengi walizivua bila maneno mengi, isipokuwa Muhawenimana. Yule ni mujane kama mie, tumelima bega kwa bega miaka makumi matatu, na mudomo wake haujawahi kulala njaa. Alikuwa anamenya viazi, bangili inang'aa, maana aliisugua kila asubuhi na ndimu na majivu.

"Mwaka ule ulisema inaita radi," akasema. "Leo unasema inafukuza radi. Kesho utatuambia inapika ugali?"

"Haifukuze. Inashusha."

"Aa. Na nani alikufundisha?"

"Binti yangu."

"Na mwaka ule nani alikufundisha?"

"Hakuna. Niliona tu nusu, nikasema yote."

Alimenya kiazi kizima bila kuinua kichwa. "Unajua mukono huu ulikuwa haufunge hata kitenge? Sasa nafunga. Nikikupa, nani atanifungia kitenge? Weye?"

"Mie nitakufungia. Kila asubuhi, mpaka Jean-de-Dieu atuletee shaba ingine."

"Utachelewa. Weye ni muntu wa polepole."

"Muhawenimana, mie njo nilikosa. Si Habineza, si Sebahire. Neno langu lilikata ile shaba mbele ya musumeno. Mujukuu wako anakaa benchi la ngapi?"

Kisu kilisimama. Mujukuu wake alikuwa benchi la kwanza, na mie nilijua wakati nikiuliza. Aliivua ile bangili kwa shida, kwa mate, akaiweka ndani ya mukono wangu ikiwa na joto lake.

Asubuhi, mbele umande haujakauka vizuri ku majani, tulikuwa ku kiwanda cha Sebahire, chini ya manjanja manne na mivukuto miwili ya ngozi. Zile bangili alizipanga juu ya jiwe, kisha akachukua kipande cha sumaku alichokitoa mu radio iliyokufa. Akakipitisha juu yazo, moja moja. Shaba haishikwe na sumaku. Zote zilikaa kimya, isipokuwa moja. Ile ya Mama Myriam, jirani aliyekuja kutazama, ikaruka ikanata, tii.

"Hii si yangu," Sebahire akasema. "Hii ni chuma, walikivalisha koti ya shaba."

Mama Myriam akaona haya. Ya kweli iliangukia mutoni, akanunua ile ku soko ili bwana yake asijue. Basi zikabaki kumi na mbili.

Sebahire alinyoosha moja, akaipima na mukono: shibiri pungufu vidole vitatu. Akahesabu na kaa juu ya ubao. Pengo la ukuta ni mikono mitano. Kila kiungo kinakula vidole viwili kwa kulaliana. "Haifike," akasema. "Haifike hata karibu. Kila moja irefuke ipite shibiri."

"Inaweza kurefuka?"

"Shaba ni muntu wa kukubali. Ukiipiga inarefuka. Lakini ukiipiga sana inakasirika, inakuwa ngumu, kisha inapasuka."

Alipiga ya kwanza, kwa nyundo ndogo, kwa haraka, mpaka sauti ikabadilika. Akaitia mu makaa mpaka ikawa nyekundu kama kilemba cha jogoo, akaishika na koleo, akaielekeza ku ndoo ya maji. Nikamushika kiwiko.

"Papa, utaivunja."

Jembe langu la zamani lilitiwa maji hivyo, likawa gumu, likavunjika ku jiwe la kwanza. Sebahire alicheka, akatumbukiza. Maji yakalia. Akanipa ile shaba. Niliikunja na vidole vyangu viwili vya uzee, ikakunjika kama ganda la ndizi.

"Mama, chuma na shaba hawakunyonya titi moja. Chuma kikiwaka ukakipoza gafula, kinashupaa. Shaba ikiwaka ukaipoza, inasahau mapigo yote. Njo naweza kuanza tena."

Hivyo akaanza tena, na tena: kupiga, moto, maji, kupiga. Kila moja mara tatu. Mie nilivuta mivukuto, Muhawenimana akapokea, na kila muda mufupi nilitoka nje kuangalia Walikale. Saa nne wingu lilikuwa bado uzi mweupe. Saa tano lilikuwa na tumbo.

"Ukitoka tena moto utazimika," Muhawenimana akasema. "Mvua haikuogope weye."

Kwa kuwa nilitaka haraka, nilitoa mu mufuko kinundu cha bati ambacho Jean-de-Dieu aliniletea, bati nyeupe, ile inayotoka mu mawe mazito ya Walikale. Nikasema: gundisha viungo na hii, itaenda mbio kuliko kutoboa. Sebahire alikiweka mu kijiko cha chuma juu ya makaa, bila hata mivukuto. Mbele sijamaliza kueleza, bati ilikuwa maji, inang'aa mu kijiko kama jicho la samaki.

"Umeona? Hii inayeyuka ku moto wa kupikia majani ya chai. Radi ikipita hapo kitabaki kiungo gani?"

Akatoboa matundu mawili mawili, akakata misumari midogo mu waya nene ya shaba, akaanza kufunga ncha kwa ncha. Saa saba utepe ulikuwa mumoja, mwembamba kuliko zamani, wenye mafundo kumi na moja. Tulipima ku kamba. Ulifika, na ukazidi kidole kimoja.

Darasa la sita lilikuwa limeshaingia. Sidonie alikuwa amewabana tena ku ukuta wa pili. Habineza alipanda juu ya meza ya mwalimu, iliyotolewa nje, maana alikataa muntu mwingine apande. Sebahire alifunga kiungo cha chini, pale utepe wa zamani ulipotoka mu sima, kisha akamupokeza Habineza nyundo kwa kiungo cha juu, na yeye, amesimama chini, akashika chuma kizito nyuma ya utepe ili musumari upate pa kukazia. Bomba la plastiki tulilitupa mu majani.

Upepo ulifika wa kwanza, baridi, wenye harufu ya pori. Kisha mwanga. Nikahesabu: saba.

"Musumari mumoja umeingia," Habineza akasema.

Mwanga. Tano.

Sidonie alitokea dirishani. "Papa Habineza, shuka. Ukishika shaba radi ikija, itapitia mu mwili wako. Musumari mumoja unatosha."

"Haitoshe," Sebahire akasema polepole. "Kiungo kinacheza. Pakicheza, panaruka moto."

"Habineza, shuka," nami nikasema.

"Weye ulisema nikate, nikakata," akajibu bila kugeuka. "Sasa usiseme kitu."

Alipiga. Mara ya kwanza musumari ulipinda. Aliuchomoa, Sebahire akamupa mwingine. Matone ya kwanza yakaanguka juu ya meza, makubwa kama mbegu za maboga. Mwanga. Tatu. Sikumbuke nilifika pale namna gani, lakini nilikuwa nimeshika muguu wa meza na mikono yote miwili, na Muhawenimana alikuwa amenishika mie ku kitenge, ananivuta. Nyundo ililia mara nne, ya tano ikawa sauti nzito, sauti ya kitu kilichokaa. Sebahire alijaribu kiungo na kidole. Hakikucheza.

Tulikimbia ndani sote wane, tukiacha meza mu mvua. Watoto walituangalia tunavyodondosha maji. Sidonie alisema, "Tulikuwa ku zoezi la ngapi?" na mutoto mumoja akajibu la sita, na Sidonie akaanza kuandika la sita ku ubao.

Hakumaliza. Nyumba ikawa nyeupe, ndani na nje kwa mara moja, na sauti haikungoja kuhesabiwa, ilikuja pamoja na mwanga, kavu, kama ubao mukubwa unaopasuliwa juu ya kichwa. Chaki ilikatika. Kisha hakukuwa na sauti, mvua tu juu ya manjanja. Nilisikia harufu kama ya chuma kinachosagwa.

Mie nilikuwa wa kwanza kutembea. Nilienda mpaka benchi la kwanza, lile tupu, nikaweka kiganja ku ukuta. Matofali yalikuwa baridi. Hakuna ufa. Kisha nikahesabu vichwa, na kidole, moja moja, na watoto waliniacha nihesabu bila kucheka. Arobaini na sita. Nikahesabu tena. Mujukuu wa Muhawenimana alikuwa chini ya kitenge cha huyo tate yake, miguu tu inaonekana. Arobaini na saba.

Mvua ilipopungua tulitoka. Utepe ulikuwa pale, mafundo yote kumi na moja, umepata weusi kidogo ku kiungo cha juu. Chini, udongo kando ya sima ulikuwa umepasuka kama mukate, unatoa moshi mwembamba. Habineza aliuangalia sana, kisha akavua kofia.

Muhawenimana aliinama, akapitisha macho toka chini mpaka juu.

"Yangu ni hii ya nne," akasema. "Nilikuwa naisugua. Muone vile imepitisha vizuri."

"Ya nne ni yangu," Sebahire akasema. "Yako ilipasuka ncha, nikaiweka ya tisa."

"Basi ilipitia kwa ya tisa kwanza. Radi inatoka juu, haitoke chini. Hata Mama Sidonie sasa anajua."

Walicheka, na mie nikacheka kidogo. Kisha nikamufunga kitenge chake, kilikuwa kimelegea na mukono ulikuwa umeanza kumuuma, na juu ya bega lake nikaangalia Walikale. Kulikuwa wingu lingine, bado dogo.